Njoo Mapema, Ukiwa Bado na Nywele

Kitu cha kwanza upara unachokuletea ni shikamoo usizozistahili. Watu niliokaa nao dawati moja, tukachapwa fimbo na mwalimu mmoja, siku hizi wakinikuta mahali wanaanza kuniamkia, halafu wakinitazama vizuri ndipo wanashtuka: "Kumbe ni wewe!" Dereva wa bodaboda mwenye wajukuu ananiita mzee wangu. Kwenye daladala msichana aliniachia kiti, nikakataa kwa hasira, nikasimama kutoka Mwenge mpaka Posta nimeshika bomba huku kiti kikikaliwa na kijana mwenye nywele za kutosha watu wawili.

Uzee wenyewe sina ugomvi nao. Mvi za kidevuni nimezipokea bila kelele. Ninacholalamikia ni mgawanyo. Nywele zangu hazijaisha, zimehama. Masikioni zipo. Puani zipo, na zinachungulia nje bila aibu. Mgongoni zimeanza makazi mapya ambayo hakuna aliyeyaomba. Utosini tu, mahali pa pekee ambapo dunia nzima inapaona, ndipo zimekataa kukaa.

Nikasema sikubali, lazima nijue mhusika. Mhusika anaitwa dihidrotestosteroni, jina refu kuliko unywele wowote niliobaki nao. Ni homoni ambayo mwili unaitengeneza kutokana na testosteroni, ile ya kiume. Ikifika kidevuni inaotesha ndevu. Ikifika utosini kwa mtu aliyerithi udhaifu huo, inasinyaza mashina ya nywele: kila unywele ukidondoka, unaofuata unaota mwembamba zaidi na mfupi zaidi, mpaka panabaki malaika tu, vile vinyweleo laini ambavyo hata kioo cha bafuni hakivioni. Homoni ileile, kichwa kilekile! Halafu wataalamu wanakwambia kwamba wanaume wa Kiafrika tunapata upara wa namna hii kwa kiwango kidogo kuliko wazungu. Asanteni sana kwa taarifa. Naona bara zima lilinichagua mimi niwe mwakilishi.

Kwa upande wa urithi, nilikuwa nimeshamhukumu mjomba. Nyumbani kwetu kila mtu anajua upara unatoka kwa wajomba, na mjomba wangu hajavua kofia hadharani tangu nikiwa mtoto. Kumbe hata hilo si kweli lote. Jeni moja kubwa inayohusika mwanaume huipata kwa mama, lakini nyingine nyingi zinatoka pande zote mbili. Kwa hiyo hata wa kumlaumu peke yake sina.

Tiba ya uhakika ipo, tena ya kale. Hippocrates wa Ugiriki aliona zamani hizo kwamba matowashi hawapati upara. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton akalithibitisha kitaalamu: mwanaume aliyehasiwa kabla ya kubalehe hapati upara. Niliitafakari tiba hiyo kwa muda mfupi sana.

Kuna pia wanaopanda ndege kwenda Istanbul kung'olewa nywele za kisogoni na kupandikizwa mbele. Mimi kisu siwezi. Hata sindano ya tetanasi nilishikwa na manesi wawili. Ndiyo maana nilipoanza kusikia habari za tiba zisizo na upasuaji, za kuamsha nywele zilizolala kwa kutumia nguvu za mwili wenyewe, masikio yangu, yenye nywele tele, yalisimama.

Jambo lililoniudhi mapema ni kugundua kwamba katika historia yote ya tiba hizi hakuna aliyetufikiria sisi. Chukua minoksidili. Ilikuwa dawa ya presha, kidonge kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1979. Wagonjwa wakameza kwa ajili ya presha, wakaanza kuota nywele mashavuni na mikononi, wanawake nao hawakusalimika. Mtu mmoja mwenye akili akasema, basi tuipake kichwani, na mwaka 1988 ikaingia sokoni kama Rogaine. Finasteridi ilikuwa dawa ya tezi dume, 1992. Ikaja kuwa kidonge cha nywele 1997. Na mwanga wa leza? Mwaka 1967 daktari wa Budapest, Endre Mester, alinyoa panya akawamulika leza ili aone kama watapata saratani. Saratani hawakupata. Nywele zao zikarudi haraka kuliko za wenzao ambao hawakumulikwa. Panya wa Hungaria walinitangulia! Ilichukua miaka 40 kamili, mpaka 2007, ndipo chanuo la leza lililoitwa HairMax likaruhusiwa kuuzwa Marekani kwa binadamu. Vipara wa dunia tumelishwa makombo ya presha, ya tezi dume na ya panya, na bado tunatakiwa kulipa bei kamili.

Na bei yenyewe haina mwisho. Minoksidili ni kodi ya nyumba: unalipa, unakaa, ukiacha kulipa, vyombo nje. Unapaka mara mbili kwa siku, wiki za mwanzo nywele zinapukutika zaidi (naam, zaidi, na kwenye karatasi wameandika kwamba hiyo ni dalili nzuri), halafu unasubiri miezi minne hadi sita ndipo uone chochote. Binamu yangu aliota nywele kweli. Nimeziona, nimezishika. Akahamishiwa mkoani kikazi, chupa ikaisha, akazembea. Tulipokutana sikukuu tulikuwa ndugu tena. Finasteridi nayo ni kidonge kila siku, siku zote. Nilisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi kwa sauti, mbele ya mke wangu. Tulipofika kwenye madhara, pale panaposema wachache hupungukiwa hamu ya mambo ya faragha, na kwamba mjamzito asishike hata kidonge kilichopondeka, mke wangu aliichukua ile karatasi, akaikunja vizuri, akairudisha ndani ya boksi, na boksi likarudi duka la dawa.

Wakati huo kila mtu mtaani kwangu alikuwa daktari. Shemeji alileta mafuta ya nyonyo. Mwingine habasoda. Jirani akaapa kwa maji ya kitunguu, tena akanitolea ushahidi wa utafiti, na utafiti upo kweli: ulifanyika Baghdad ukachapishwa 2002. Asichosema jirani ni kwamba ulihusu watu ambao nywele zao zilinyofoka kwa mabaka, ugonjwa mwingine kabisa, ambao mara nyingi nywele hurudi zenyewe. Mimi nilinuka kachumbari wiki nzima kwa ugonjwa wa mtu mwingine. Watoto wa mtaani hawakuniacha. Nabii Elisha alipochekwa upara wake, Kitabu cha Pili cha Wafalme kinasema walitoka dubu wawili wakararua vijana 42. Kwetu Kinondoni dubu hakuna.

Kinyozi wangu yeye ana suluhisho lake. Anataka kunichora mstari wa mbele kwa piko, rangi ileile anayowapaka wazee ndevu. "Bosi, nikikuchonga hapa hutajijua." Hilo silitilii shaka. Ila jasho la Dar es Salaam la mwezi wa pili nalijua pia, na shati langu jeupe nalipenda. Kijana huyohuyo, kwa kichwa ambacho mashine inapita ukingoni tu na kurudi, ananitoza sawa na mwenye kichaka. Nikimwuliza ananijibu kwamba upara unahitaji umakini.

Basi nikaenda kliniki.

Jina lake silitaji, iko upande ule wa mji ambako hata maji ya kunywa yanakuja na kipande cha limau. Mapokezi pamejaa picha za kabla na baada. Nilikuwa na muda, nikazichunguza. Katika picha za kabla, taa iko juu ya kichwa, mtu ameinama, amenuna, nywele zimelowa. Katika picha za baada, taa imehamia pembeni, mtu anatabasamu, nywele zimekauka na zimechanwa kuja mbele. Hata mimi ukinihamishia taa nitapendeza. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba nilipita picha moja baada ya nyingine, ukuta mzima, na kila mwanaume wa "kabla" alikuwa na nywele kuliko mimi.

Daktari alikuwa binti mpole aliyesomea magonjwa ya ngozi kule KCMC, Moshi, ambako kuna kituo cha mafunzo ya ngozi tangu 1992. Akanyanyuka kwa heshima. "Shikamoo baba."

"Marahaba," nikamwambia. "Hilo ndilo lililonileta."

Akanieleza tiba wanayoiita PRP. Wanakutoa damu mkononi, wanaiweka kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi mpaka ijitenge: nyekundu inazama chini, juu yanabaki majimaji ya rangi ya njano, yaani plazima. Ndani ya plazima wanakusanya chembe sahani, zile zinazokimbilia kidonda ukijikata na kugandisha damu. Chembe hizo zimebeba vichocheo vya ukuaji, vya kuotesha ngozi mpya na mishipa midogo ya damu. Wazo ni kuzidanganya: unazichoma kwa sindano ndogondogo nyingi utosini, zifikiri kuna jeraha la kukarabati, na katika ukarabati huo mashina ya nywele nayo yashtuke. Kwa kawaida unaanza na awamu tatu, mwezi mmoja baina ya awamu na awamu, halafu unarudi kila baada ya miezi kadhaa ili kutunza kilichopatikana.

Nikauliza bei. Akaitaja bila kupepesa. Nikahesabu kimya: ada ya muhula mzima wa mtoto mmoja, tena mwenye kusoma shule ya basi la njano. Nikamwambia, "Daktari, hebu tuelewane. Damu ni yangu?" Yako. "Kichwa ni changu?" Chako. "Sasa mimi nanunua nini?" Akasema nanunua utaalamu, vifaa safi na mashine ya kuzungusha. Jibu lilikuwa zuri, lakini sijawahi kufikiria kwamba siku moja nitatoka nyumbani na damu yangu, nirudi nayo ileile, na kilichobaki huko ni mshahara.

Inafanya kazi? Hapa namsifu yule binti, hakunidanganya. Akasema zipo tafiti zinazoonyesha nywele zinaongezeka na kunenepa, zipo zilizopata faida ndogo, na shida ni kwamba kila kliniki inazungusha damu kwa kasi yake, inachoma kiasi chake, kwa ratiba yake, kwa hiyo kulinganisha ni kazi ngumu. Maumivu ya kichwa kwa muda na kuvimba kidogo ni kawaida. Mwenye upungufu wa chembe sahani au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda inabidi apate ushauri kwanza. Halafu akachukua kifaa chake chenye lenzi na taa, akakiweka utosini mwangu, akatazama kompyuta. Akahamisha. Akatazama tena. Ukimya ukawa mrefu.

"Hapa pembeni kuna tumaini," akasema. "Hapa katikati, baba, mashina mengi yameshasinyaa. Tiba hii inamfaa zaidi mtu ambaye ndiyo ameanza kupungukiwa. Ungekuja mapema."

"Mapema lini?"

"Ulipokuwa bado na nywele."

Naomba msomaji utulie hapo kidogo. Mimi nilipokuwa na nywele ningekwenda kliniki ya nywele kutafuta nini? Wakati huo nilikuwa na panki. Nilikuwa nalalamika kwamba nywele zinakua haraka mno na vinyozi ni ghali. Hakuna mtu mwenye nywele anayejiona mgonjwa, na hakuna anayejiona mgonjwa ambaye nywele zake bado zinatosha kutibiwa, isipokuwa wale vijana wenye hofu wanaopiga picha paji la uso kila Jumapili. Dawa ya kupaka, kidonge, leza, sindano, vyote vinafanya kazi nzuri kwa mtu yuleyule: mwenye nywele. Mwenye nacho anaongezewa. Kipara halisi, mlengwa wa matangazo yote, yule ambaye picha yake ndiyo iliyowekwa kwenye bango la barabarani, akifika mlangoni anaambiwa umechelewa.

Na kinachouma zaidi ni kwamba nywele zimo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akiwemo George Cotsarelis, walilinganisha ngozi ya kichwa yenye upara na isiyo na upara ya watu walewale. Seli shina, zile mama wa unywele, walizikuta kote kote kwa idadi inayokaribiana. Zilizopungua kwenye upara ni seli za hatua inayofuata, zinazozaliwa na hizo mama na kuanza kazi. Kwa maneno mengine, utosini mwangu akina mama wapo, wamekaa tu. Tangu 2011! Watu wameshatua chombo upande wa mbali wa mwezi, wametengeneza chanjo ya korona ndani ya mwaka, na hakuna hata mmoja aliyepata namna ya kuhakikisha seli zangu zinaamka.

Nilipokuwa nalipa ada ya kumwona daktari (hiyo hawaisahau), dada wa mapokezi akaninong'oneza kwamba kuna kitu kipya zaidi, eksosomu, vijifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli kupelekeana ujumbe. Bei yake juu ya PRP. Nikaenda kusoma. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2019 kwamba hakuna bidhaa yoyote ya eksosomu iliyoidhinishwa. Ndipo nikaielewa kanuni ya biashara hii: ushahidi ukipungua, bei inapanda.

Lakini afadhali kliniki ya limau kuliko kinachokuja mitaani. Kijana wa saluni jirani ameshaniambia kwamba na yeye anaweza hiyo ya damu, kuna jamaa anamletea mashine. Kijana huyu ndiye yule anayepuliza mashine ya kunyolea kwa mdomo akidai ameisafisha. Kule Albuquerque, Marekani, spa moja isiyo na leseni ilikuwa ikiwachoma watu damu yao usoni kwa utaratibu huuhuu. Ikafungwa 2018, na mwaka 2024 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ikachapisha kwamba wanawake watatu waliohudumiwa pale yumkini waliambukizwa virusi vya UKIMWI humohumo. Kichwa changu kimeshapoteza nywele, hakina sababu ya kuongeza hasara. Kadhalika vile vijigurudumu vyenye sindano vinavyouzwa mtandaoni ukajiviringishie mwenyewe sebuleni. Utafiti wa India wa 2013 ulionyesha kwamba sindano ndogo zikiongezwa kwenye minoksidili matokeo ni bora kuliko minoksidili peke yake, sawa, lakini pale walifanya madaktari. Baadhi yetu wenye ngozi nyeusi tukijikuna tu tunaota kovu la kuvimba. Upara nauweza. Upara wenye manundu, hapana.

Mke wangu alikuwa akinicheka kipindi chote hiki, mpaka nilipomwuliza kwa nini siku hizi havuki mlango wa chumbani bila wigi. Akanyamaza. Wanawake wana msiba wao, na wanaubeba kimya kuliko sisi. Miaka ya kusuka kwa kukaza mpaka macho yanavutika, rasta nzito juu ya dawa ya kulainisha, na nywele za mbele zinaanza kurudi nyuma. Ukilegeza mapema zinarudi zenyewe, bila senti ya kliniki: mtindo wa kawaida wa twende kilioni uliosukwa bila kukazwa unatosha. Ukiendelea, ngozi inaweka kovu, na kwenye kovu hakuna shina la kuamshwa, hata wamimine debe zima la plazima. Wengine utosi unaanza kuwasha na kuuma, nywele zinakatika kutoka katikati kwenda pembeni. Huo ni ugonjwa wa kutia makovu unaowapata zaidi wanawake weusi, na kila mwezi unaopita kwa msusi badala ya kwa daktari ni mwezi wa hasara. Nimempeleka kwa yule binti wa Moshi. Yeye aliambiwa amewahi. Nimefurahi kwa ajili yake, kwa kadiri mwenye kipara anavyoweza kufurahi.

Mimi nimeamua kunyoa zote. Ijumaa navaa kofia ya viua kutoka Unguja, imeshonwa kwa mkono, imenigharimu sehemu ndogo ya awamu moja ya sindano, na hainidai awamu ya pili. Shikamoo naziitikia zote.

Kwenu wenye kliniki nina ombi. Bandikeni bei mlangoni, mtu ajue kabla hajanywa maji yenu ya limau. Bandikeni pia jina la daktari na namba yake ya usajili. Na pale ukutani, kwenye zile picha za kabla na baada, ongezeni picha ya tatu: mteja yuleyule, taa ileile, mwaka mmoja baada ya kuacha kulipa.